Jina la Babu

 

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huonekana dogo, lakini limewakosanisha ndugu wengi na kutia uchungu katika nyumba zilizokuwa na furaha. Jambo lenyewe ni jina la mtoto, na hasa jina la kikale apewalo mtoto mwanamume. Je, yafaa mtoto azaliwaye siku hizi aitwe jina la babu yake, hata kama vijana wanalicheka? Au yafaa apewe jina jipya linalopendeza masikioni, na lile la zamani liachwe lipumzike pamoja na wazee waliolichukua?

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, twendeni pamoja mpaka Mkokoni. Mkokoni ni kijiji cha pwani ya bara, katika Lamu Mashariki, kinachotazamana na kisiwa cha Kiwayu. Ukishika njia ya kaskazini utafika Kiunga, na mbele ya Kiunga ni mpaka wa Somalia. Wenyeji wa huko ni Wabajuni, watu wa bahari, nao ni Waislamu. Huenda mtu akauliza, kwa nini kipindi cha kanisa kiende kubisha hodi kwa Waislamu? Jibu letu ni fupi. Hao ni jirani zetu, na katika jambo hili la majina wao na sisi tumo katika chombo kimoja. Tena hata jina la kijiji ni somo. Mkokoni, yaani penye mikoko. Na Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Jina hilo halina fahari yoyote, lakini mtu akilisikia ajua mara moja ni mahali pa namna gani.

Basi tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga wenyewe, wala haumsemi mtu fulani, lakini ninyi mtakiri kwamba nyumba za namna hii ni nyingi. Tuseme amezaliwa mtoto mwanamume Mkokoni. Baba yake aitwa Shee. Babu yake, aliyefariki mwaka uliopita, aliitwa Kombo. Siku ya saba inakaribia, mbuzi wa akika wamekwisha kutafutwa, na mtoto bado hana jina.

Bibi yake mtoto amekwisha kuamua moyoni. Asema, "Huyu ni Kombo. Mungu amemchukua Kombo, amenirudishia Kombo." Mama wa mtoto ainama, maana si adabu kumjibu mama mkwe. Lakini usiku amwambia mumewe, "Mume wangu, mimi nilimheshimu marehemu baba. Lakini kombo ni kitu kisichonyoka. Mambo yakiharibika watu husema yamekwenda kombo. Mwanangu akienda shuleni watamfanyia mzaha kila siku. Mimi napenda aitwe Ayman." Baba mtoto akaa kimya katikati yao, kama mtu aliyeshikwa mikono yote miwili, huyu avuta huku na huyu avuta kule.

Kisha maoni yaja kutoka kila upande. Ami aliye Mombasa apiga simu kusema kwamba majina hayo ya kishamba yamepitwa na wakati. Shangazi aliye Lamu asema mkimnyima marehemu jina lake mmemzika mara mbili. Binamu aliye ng'ambo aandika katika kundi la jamaa la simu kwamba mtoto apewe jina ambalo Wazungu wataweza kulitamka. Kila mmoja ana neno, na mtoto mwenyewe amelala, hajui lolote.

Ndugu zangu, tusiwacheke watu hawa. Tuwasikilize mmoja mmoja, maana kila mmoja wao ameshika kipande cha haki.

Tuanze na bibi. Kwa nini ang'ang'ania jina? Ili kumwelewa hatuna budi kukumbuka jinsi majina ya watu wa pwani yanavyokwenda. Wengi wao hawana jina moja la ukoo linaloandikwa vizazi na vizazi, kama ilivyo Ulaya. Mtu huitwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake. Zamani waliweka "bin" katikati. Siku hizi katika karatasi za serikali neno hilo mara nyingi huachwa. Ni kama ngazi yenye vidato vitatu. Kila mtoto anapozaliwa, kidato kipya huwekwa, na cha tatu huondoka. Kwa hiyo jina ambalo halikupewa mtoto yeyote hushuka kidato kwa kidato, mpaka siku moja halimo tena katika cheti chochote. Njia iliyotumiwa tangu zamani kulizuia lisipotee ni kumpa mjukuu jina la babu, na ndiyo sababu katika nyumba nyingi za pwani utakuta jina moja linarudi kila baada ya kizazi kimoja.

Wala si watu wa pwani peke yao. Ndugu zetu Wakikuyu huwa na utaratibu unaojulikana: mtoto mwanamume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Waluo nao humtazama mtoto alivyokuja; aliyezaliwa usiku ni Otieno, aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Okoth. Katika taratibu hizo jina huja na habari ndani yake. Basi bibi huyu wa Mkokoni si mkaidi tu. Aliishi na mtu miaka mingi, alimpikia na kumwuguza na kumlilia, na sasa aona kitu cha mwisho cha mtu huyo kikitaka kuondoka mlangoni. Kwake yeye, jina hilo ni mumewe.

Sasa tumsikilize mama wa mtoto. Je, yeye ni mtu wa majivuno, anayefuata mitindo ya mjini? Hapana. Yeye ndiye aliyembeba mtoto huyu, na hofu yake ni ya kweli. Watoto wa shule ni wepisi wa kucheka. Jina ambalo kwa mtu mzima ni heshima, kwa mtoto wa darasa la pili laweza kuwa jiwe la kumtupia.

Tena dini haikatai fikira yake. Waislamu wana habari wanayoisimulia juu ya mtu mmoja aliyemwendea Mtume wao. Jina lake lilikuwa Hazn, maana yake ardhi ngumu yenye kukwaruza. Mtume akamtaka aitwe Sahl, maana yake tambarare, laini. Yule mtu akakataa, akisema hatabadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, mwanachuoni Said bin al-Musayyib, alikuja kusema baadaye kwamba ule ugumu ulibaki katika jamaa yao. Basi mama wa Mkokoni anayetaka jina lenye maana njema hakulitoa wazo lake sokoni. Amelikuta katika mafundisho ya kwao.

Nasi katika Biblia tuna habari ya namna hiyohiyo. Raheli alipokuwa akifa kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mtoto Benoni, jina la huzuni. Lakini Yakobo hakukubali mtoto wake atembee duniani akiitwa huzuni ya mama yake. Akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Yakobo alimpenda Raheli kuliko watu wote. Hata hivyo neno la mwisho la mpenzi wake hakulifanya kuwa mzigo wa mtoto. Hebu tulifikiri jambo hilo, sisi tulio na wafu tunaowapenda.

Lakini msiseme bado kwamba mama ameshinda. Biblia hiyohiyo yatuletea mtu mwingine, aitwaye Yabesi. Mama yake alimpa jina la uchungu kwa sababu alimzaa kwa taabu. Hakuna aliyelibadili. Alikua nalo, akaheshimiwa kuliko ndugu zake, akamwomba Mungu, na Mungu akampa alichoomba. Jina lilibaki vilevile. Aliyelichukua ndiye aliyelipa maana nyingine. Watu walipolisikia jina la Yabesi hawakuwaza tena uchungu wa kuzaa, walimwaza Yabesi mwenyewe.

Na hivyo ndivyo yalivyo majina mengi ya kale ya pwani yetu. Mwaka 1728 mtu wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka, mojawapo ya tenzi ndefu za zamani tulizo nazo. Aliitwa Mwengo bin Athumani. Ni nani leo amwitaye mtoto wake Mwengo? Hata hivyo wasomao fasihi ya Kiswahili hulitaja jina hilo kwa heshima. Mwaka 1858 mwanamke wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao wasomi wanausoma mpaka leo. Mwanamke huyo ni Mwana Kupona binti Mshamu. Kupona! Jina la namna hiyo huenda likachekwa darasani, nalo limedumu zaidi ya miaka mia na hamsini. Hata Kombo lenyewe si jina geni katika historia. Katibu Mkuu wa chama cha Afro-Shirazi huko Zanzibar, aliyefariki mwaka 1986, aliitwa Thabit Kombo, na hatujasikia kwamba jina la baba yake lilimzuia kusimama mbele za watu.

Mafundi wa vyombo pia wangeweza kumfundisha mama huyu jambo moja juu ya neno kombo. Chombo kina mbao ndefu zilizonyoka, na ndani yake kina mbavu ziitwazo mataruma, ambazo huzishika mbao zile zisiachane. Fundi anapotafuta taruma hatafuti mti ulionyoka. Atafuta tawi lililopinda lenyewe tangu lilipokuwa likikua, maana mti ulionyoka ukichongwa upate kupinda, nyuzi zake hukatika na nguvu zake hupungua. Kipande kilichopinda, ambacho mjenzi wa nyumba angekitupa, ndicho fundi wa chombo akitakacho. Basi hata katika mti, kombo si lazima iwe kasoro.

Tugeukie sasa wale wa maoni ya mbali, yaani ami, shangazi na binamu. Ami asema jina limepitwa na wakati. Na liwe hivyo. Lakini tumwulize, ni jina gani lisilopitwa? Hilo Ayman linalopendeza leo, likipewa watoto wengi wa miaka hii, baada ya miaka sitini litakuwa jina la wazee wenye mikongojo, na wajukuu watasema ni la kikale. Sisi tulio makanisani tumeyaona hayo. Babu zetu walipobatizwa walichagua Hezekia, Zefania, Zakayo na Yeremia. Majina hayo yalikuwa mapya kabisa, tena ya kujivunia. Leo vijana wetu wanaona haya kuyataja, wanataka majina waliyoyasikia katika televisheni. Kesho na hayo yatachakaa. Mitindo ya majina ni kama maji kupwa na kujaa. Anayejenga nyumba yake juu ya alama ya maji ya leo atashangaa jioni.

Shangazi naye asema kwamba kumnyima marehemu jina ni kumzika mara mbili. Dada yetu, neno hilo ni zito mno. Aliyekufa yu mikononi mwa Mungu, na Mungu hahitaji cheti cha kuzaliwa cha mjukuu ili amkumbuke. Tusiwatie watu wazima hofu kwa ajili ya wafu, na wala tusimfanye mtoto mchanga kuwa jiwe la kaburi.

Na binamu ataka jina ambalo wageni wataweza kulitamka. Twamwambia kwa upole kwamba wageni wakitaka watajifunza. Mtoto ataitwa mara elfu na mama yake kabla mgeni mmoja hajamwita mara moja.

Tena tuwakumbushe wote kwamba jina haliwekwi kwa nguvu. Mwaka 1972 serikali ya Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliwaamuru raia waache majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika. Kuyapenda majina ya babu zetu ni jambo zuri. Lakini jambo zuri likishurutishwa huwa chungu, na baadaye watu wengi walirudia majina yao waliyokatazwa. Lililowashinda wakuu wa nchi, bibi na mjomba wasijaribu kulifanya katika nyumba.

Sasa tufike penye fundo lenyewe. Twajua wengi wenu mnangoja tuseme nani ameshinda, bibi au mama. Tazameni, kuna jambo ambalo wote katika nyumba hii wamelisahau, kwa sababu ya kelele.

Baba ni Shee. Babu ni Kombo. Mtoto akiitwa Ayman, ataandikwaje? Ataandikwa Ayman Shee Kombo. Na mwalimu akiliita jina lake lote darasani, Kombo litakuwamo. Litakuwa katika cheti chake cha kuzaliwa, katika karatasi za mtihani, na katika kitambulisho chake atakapotimiza miaka 18. Basi bibi anayelia kwamba jina litazimika wiki hii, na alie polepole. Jina halizimiki wiki hii. Mtoto huyu atalichukua maisha yake yote, awe anaitwa nalo au asiitwe nalo. Na mama anayeogopa kwamba jina litamgusa mwanawe, na ajue kwamba limekwisha kumgusa. Hawezi kumficha nalo. Hana budi kumfundisha kulichukua bila haya.

Jina hili laweza kupotea lini? Litapotea siku ambayo mtoto huyu atakuwa mtu mzima na kuzaa mtoto wake. Hapo ndipo kidato cha tatu kitaondoka. Basi atakayeamua kama Kombo litaendelea si bibi, wala si mama, wala si ami wa Mombasa. Ni huyu aliyelala katika nguo. Yeye ndiye atakayesema, "Mwanangu aitwe Kombo," au atanyamaza.

Naye atasema hivyo kwa sababu gani? Je, kwa sababu ameliona katika karatasi? Hapana, ndugu. Atasema hivyo ikiwa amesimuliwa. Kama bibi atamweka mapajani na kumwambia, "Babu yako Kombo alikuwa mtu wa namna hii, alipokuwa na samaki wawili, mmoja ulikuwa wa jirani, siku ya dhoruba alifanya hivi, alipokosewa alisema vile," mtoto atalipenda jina hilo kabla hajajua kwamba kuna watu wanaolicheka. Lakini bibi akiacha kusimulia kwa sababu amekasirika, jina laweza kuwa katika cheti mahali pa kwanza kabisa, na bado likawa limekufa. Wangapi wamepewa majina ya babu zao na hawajui habari moja ya babu hao? Wamerithi mfuko, lakini ndani hamna kitu.

Hili ndilo neno letu la leo, wala hatuna lingine lililo kubwa kuliko hili. Jina la babu huhifadhiwa na ulimi wa anayesimulia kuliko kalamu ya anayeandika.

Tukisema hivyo hatusemi kwamba kalamu haina kazi. Huko Mkokoni, na mahali popote karibu na mipaka, karatasi si jambo la mchezo. Wakati wa vita vya shifta, kati ya mwaka 1963 na 1967, watu wengi wa vijiji vya bara ya upande ule walikimbilia visiwani na mijini. Na kwa miaka mingi vijana wa jamii za mipakani, Wabajuni wakiwamo, walipotaka kitambulisho waliitwa kwanza kuhojiwa, baba yako nani, babu yako nani, watu wenu wametoka wapi. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba kuhojiwa huko kwa ziada kumekomeshwa. Twashukuru. Lakini mzazi mwenye busara hataacha majina ya mtoto wake yatofautiane. Kadi ya zahanati isiseme Kombo, cheti kiseme Ayman, na daftari la shule liseme jina la tatu lililoandikwa kwa herufi nyingine. Ugomvi wa wazee usiokwisha huja kuwa mashaka ya mtoto mbele ya dirisha la ofisi, miaka kumi na minane baadaye.

Sheria ya Kenya yataka kuzaliwa kwa mtoto kuandikishwe ndani ya miezi 6. Tena yaruhusu jina kubadilishwa au kuongezwa katika miaka 2 baada ya kuandikishwa. Kwa hiyo msisubiri mpaka jamaa wote wa Lamu na Mombasa wakubaliane. Andikisheni mtoto. Na ikiwa nyumbani mwapenda kumwita kwa jina lingine la mapenzi, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa pwani, hakuna dhambi. Maadamu jina la karatasi ni moja, na kila mahali ni lilelile.

Kabla hatujaagana, tusome kwa pamoja moyoni habari moja ya Injili ya Luka. Elizabeti alizaa mtoto katika uzee wake. Siku ya nane jirani na jamaa walikusanyika, nao walikuwa wamekwisha kuafikiana kwamba mtoto aitwe Zakaria, kama baba yake. Hata wakati ule jamaa walipenda jina la zamani la nyumba! Mama akasema sivyo, ataitwa Yohana. Wakambishia, wakisema hakuna mtu wa ukoo wake aitwaye hivyo. Kisha wakampita, wakamwashiria baba. Zakaria, ambaye hakuweza kusema, akaomba kibao, akaandika jina lilelile alilosema mama.

Hapo twajifunza mambo mawili. La kwanza, Mungu hakufungwa na majina ya kale. Alipotaka jina jipya alileta jipya, na ukoo haukufa. La pili, mama ndiye aliyesema kweli tangu mwanzo, nao hawakumsadiki mpaka walipoona mwandiko wa mwanamume. Ndugu wanaume, ninyi mlio kimya katikati kama huyu Shee wetu, msikieni mke. Si lazima afuatwe katika kila neno, lakini asipitwe kama mlango uliofungwa. Naye mke, akiisha kusikiwa, na amwendee mama mkwe wake kwa unyenyekevu, amwambie, "Mama, nieleze habari za baba. Nataka mwanangu azijue." Huenda neno hilo moja likamtuliza yule mama kuliko jina lenyewe.

Na itokeapo kwamba mama wa mtoto, baada ya kusimuliwa, aseme mwenyewe kwa hiari, "Basi na aitwe Kombo," sisi tutafurahi. Jina hilo ni zuri, lina historia, na mtoto aliyelelewa vyema atalivaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Na ikiwa ataitwa Ayman, tutafurahi pia, maana Kombo yuko nyuma yake, amemshika bega.

Nanyi mnaotusikia, kabla ya jua kutua leo, mwiteni mtoto mmoja wa nyumba yenu, mmweleze habari moja tu ya yule ambaye jina lake lamfuata. Msimweleze mali aliyokuwa nayo, bali wema aliotenda. Wahenga walisema pia kwamba jina jema hung'ara gizani, na taa hiyo haiwaki pasipo mtu wa kuiwasha.

Tuombe. Ee Mungu, wewe uliyetujua kabla hatujapewa majina, wabariki watoto wachanga wa Mkokoni na wa nchi yote. Wape bibi subira, wape mama ujasiri, na wape baba kinywa cha kusema kwa haki. Utukumbushe mema ya waliotutangulia, wala usituache tugombane juu ya majina yao na kuyasahau matendo yao. Amina.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, hadi tutakapoonana tena kwa neema yake.